Kabla hujaenda kwenye mziki mnene, panga na masikio

Watu wakisikia wikiendi kuna shoo wanapanga kila kitu, nguo, usafiri, nani anamlipia nani kiingilio, ila masikio hakuna anayeyapangia, na ndo yanayofanya kazi usiku kucha. Soma hii kabla hujatoka nyumbani, sio kesho yake umekaa kitandani unajipiga makofi ya sikio.

Yale ya kawaida napita haraka. Kula kwanza. Maji kunywa. Jua unarudi na nini na saa ngapi. Ukilewa sana hutajua kama sikio linaumia, kwa hiyo bia nazo kwa kipimo. Kama sikio linatoa usaha usilizibe na kitu chochote, pita hospitali kwanza, shoo zipo kila wiki. Na kama upo kwenye dozi ya sindano za jentamaisini ujue dawa hiyo yenyewe inaweza kudhuru masikio, usijiongezee mziki mnene juu yake.

Haya, vizibo vya masikio. Vile vya sponji vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, Kariakoo utavikuta pembeni ya helmeti na gambuti, na baadhi ya maduka ya dawa wanavyo. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kiingilio kwa hiyo usilete hadithi ya hela. Wengi wanavivaa vibaya halafu wanasema havifanyi kazi. Nawa mikono, kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba kabisa, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa ulivute sikio kwenda juu na nyuma, ndo tundu linanyooka, sukuma ndani kikiwa bado chembamba, kishikilie kama nusu dakika kivimbe. Ukiongea usikie sauti yako inavuma kichwani hapo kimekaa. Kama kizibo karibu chote kipo nje umevaa hereni. Wanaolalamika kwamba sponji inaua mziki, unabaki unasikia besi tu, wana hoja, kuna vya silikoni vyenye kichujio vinapunguza sauti bila kuharibu ladha, bei imechangamka ila unaviosha na kuvitumia tena. Chris Martin, mwimbaji wa bendi ya Coldplay, ameshasema wazi kwamba masikio yake yanavuma na anayakinga akipanda jukwaani, sasa wewe unayejifanya masikio yako ya chuma ni nani. Pamba na karatasi ya chooni sahau, zinapunguza kidogo mno na zinakupa moyo wa kusogea mbele.

Na huko mbele ndo penye shida. Sauti inapimwa kwa desibeli, na NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya afya kazini, wanasema desibeli 85 mtu asizidishe saa 8 kwa siku, halafu kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, ukifika 100 umebaki na dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kumbi na matamasha wastani wa sauti usivuke desibeli 100, na wenye ukumbi wagawe vizibo na watenge sehemu tulivu ya watu kupumzisha masikio. Nani unamjua hapa mtaani anagawa vizibo mlangoni? Basi jitafutie mwenyewe. Habari njema ni kwamba sehemu ya wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika zinapungua kama desibeli 6. Chukua spika moja inayopiga 106 ukiwa mita 2, hapo una dakika kama 4 tu, rudi mpaka mita 16 inakuwa kama 88, zile dakika 4 zimegeuka saa 4 na hujalipa hata shilingi. Ndani ya ukumbi wa dari fupi na vigae hesabu hii haikai sawa sababu sauti inagonga ukuta na kurudi, huko vizibo ni lazima. Kipimo cha haraka ni hiki, kama mtu yupo umbali wa mkono na inabidi umpigie kelele ndo akusikie, hapo pamezidi.

Kama hujui usimame wapi, simama karibu na fundi mitambo kwenye mikisa yake. Yeye anapanga mziki kwa masikio yake kutokea pale alipo, kwa hiyo mara nyingi pale ndo panaposikika vizuri kuliko mbele kabisa ambako sauti ya mwimbaji inamezwa. Na watu wanaogopa sabufa kwa vile besi inatikisa kifua, kumbe mbaya wako zaidi ni ile honi, spika ya juu inayotoa sauti nyembamba kali, hasa ikiwa usawa wa sikio.

Hapa nikae kidogo sababu ndo yaliyomkuta mtoto wa mama mdogo. Kulikuwa na kigodoro cha harusi Mbagala, singeli toka saa mbili usiku, spika zimepangwa barabarani mbili mbili juu ya sabufa. Dogo akapewa kazi ya kulinda waya na jenereta, akavuta kiti akaegemea mgongo kwenye sabufa, honi ikawa pembeni ya sikio lake la kushoto, na hakutoka pale sababu anaogopa watoto wataukanyaga waya. Usiku mnene MC akashuka na maiki akajisahau akapita nayo mbele ya spika, ikapiga ile filimbi ya kuchoma, watu wote wakaziba masikio, dogo mikono yote miwili ameshika ekstensheni inayocheza, hakuziba. Alicheka na wenzake. Alfajiri akasema sikio limejaa maji na linapiga ngiiiii, waliowahi kunywa kwinini wanaujua mvumo ule, tofauti ni kwamba wa kwinini mara nyingi ukimaliza dozi unaondoka.

Nyumbani kila mtu daktari. Bibi akapasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu akamdondoshea. Mjomba akasema ni nta, akaingiza njiti za pamba. Duka la dawa wakatoa dawa ya matone ya uchafu wa sikio. Mwingine akasema muacheni, mziki ule ulikuwa mnene atazoea, na hiyo ya atazoea ndo ilikula wiki kadhaa. Anafikishwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, wakamuweka kwenye chumba kimya na hedifoni, abonyeze kitufe akisikia mlio, sikio la kulia alikuwa anabonyeza vizuri, kushoto milio mikali ikifika anakaa tu anatuangalia kupitia kioo, anadhani mashine imezimwa. Daktari swali lake la kwanza lilikuwa mbona mmechelewa. Akatueleza kwamba sikio likigoma ghafla kuna dawa jamii ya steroidi wanajaribu siku za mwanzo kabisa, bila kuahidi kwamba sikio litarudi, na kila siku inayopita nafasi inazidi kupungua. Vile vinyweleo vidogo ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena, na mafuta ya nazi hayafiki huko.

Leo ukimuita dogo anageuza kichwa kwanza hajui umeitia wapi. Bodaboda ikipiga honi anaruka upande wa ilikotokea. Meseji ikiingia mpaka aione. Usiku analala na redio inaongea taratibu, sababu kukiwa kimya ule mlio ndo unapata nafasi, na mkewe imebidi aizoee redio.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yote utasahau: umetoka kwenye mziki, sikio moja limeziba au masikio yanavuma, yape utulivu, usiende kumalizia usiku baa nyingine. Ukiamka kesho yake bado linavuma au moja halisikii sawa, siku hiyo hiyo nenda hospitali uulizie daktari wa masikio wala usikubali kupigwa danadana. Usidondoshe kitu. Usichokonoe. Na hata ukiamka freshi usijisifu, sikio linaweza kuonekana limerudi huku ndani limepungua kidogo, shoo kwa shoo, mpaka siku unagundua watu wanaongea unasikia sauti ila maneno huyapati.

Mengine madogo madogo. Kila saa moja toka nje kidogo, nunua hata mishkaki. Kwenye taarab ukienda kutunza, tunza urudi kwenye kiti, sio unaganda mbele ya spika nyimbo nzima na mtoto mchanga yupo mgongoni. Mtoto vizibo vya sponji havimfai, mtafutie vile vya kufunika sikio lote au muache kwa bibi yake. Wafanyakazi wa ukumbi, wahudumu, mabaunsa, wapiga picha, nyie mpo kila wikiendi kwa hiyo hesabu yenu ni mbaya kuliko ya mteja. MC, maiki iangalie inakoelekea jamani. Kurudi nyumbani usichomeke earphone tena kwenye gari. Kuvuka barabara angalia pande zote mara mbili, baada ya shoo honi huisikii vizuri hata kama unajiona mzima, na bodaboda hesabu kwamba dereva naye katoka mle mle ndani. Na simu mfuko wa mbele.