Jinsi ya kukagua mimea yako kama unafuga paka au mbwa

Juzi nimemsaidia rafiki aliyeleta paka mdogo kwenye nyumba iliyojaa maua, nikaona bora niandike mpangilio wote, maana maswali ni yale yale.

Hatua ya 1: Piga picha kila mmea, ndani na nje, pamoja na maua ya kukatwa yaliyo mezani.

Hatua ya 2: Hakikisha mmea ni upi hasa. Hapa ndo masaa yanapotelea, kwa sababu jina uliloambiwa na muuzaji halitoshi. Chukua lili. Lilium (lili wa kweli) na Hemerocallis (daylily) zinaua paka kwa kuharibu figo, na sio majani tu, hata ule unga wa ua uliomwangukia mgongoni akajilamba, au maji ya kwenye chombo cha maua, ni hatari. Halafu kuna Spathiphyllum, ile yenye jani jeupe lililozunguka kijiti kimoja, nayo wengi wanaiita lili ila haigusi figo, inawasha mdomo na kumtoa udenda. Kwahiyo angalia ua: Lilium ina petali sita na katikati vijiti vyenye unga wa kahawia au machungwa, ukigusa unabaki kidoleni. Kama haijachanua na huna uhakika, ichukulie kuwa ndo ile mbaya, itoe kwanza utajua baadaye. Programu za simu za kutambua mimea ni za kuanzia tu, zipe picha ya jani kwa karibu, ya shina, na ya ua, na zikileta majibu tofauti usichague lile linalokupa amani. Ukishapata jina la kisayansi litafute kwenye orodha ya mimea yenye sumu ya ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, wametenganisha mbwa, paka na farasi, mimi ndo naiamini kuliko video za mitandaoni.

Hatua ya 3: Tenganisha. Ya kuondoka leo leo: lili kama una paka, oleanda (inashambulia moyo, hata majani yakikauka bado ni sumu), mbarika kwa ajili ya mbegu zake, na Cycas revoluta, kale kanakofanana na mnazi mfupi, kanaua ini na mbegu zake ndo kali zaidi, na mbwa anazitafuna kweli. Difenbakia, monstera, filodendroni zinachoma mdomo na koo, mshubiri unamtapisha na kumharisha, hizo unaweza kubaki nazo ila asizifikie. Kwa paka mimi siamini shelfu hata kidogo, atapanda. Chumba kinachofungwa mlango, basi.

Hatua ya 4: Weka mbadala. Chlorophytum comosum (spider plant) na Saintpaulia (African violet) hazina shida.

Hatua ya 5: Mnyama akishakula mmea wenye sumu, toa mabaki mdomoni, mpangusie unga kwenye manyoya, piga simu kwa daktari wa mifugo hapo hapo. Tafadhali usisubiri dalili, paka aliyekula lili anaweza kutapika kisha akatulia ukadhani kapona, kumbe ndani ya siku 1 hadi 3 figo zinakufa. Usimnyweshe chumvi wala usimlazimishe kutapika mwenyewe nyumbani. Beba kipande cha mmea kwenye mfuko, au ile picha ya hatua ya 1, daktari ataiulizia.