Piga picha sensa za upepo kabla tairi halijapanda

Ukibadilisha rimu za pikapu, piga picha ya kila sensa ya upepo (kifaa kidogo kwenye valvu, ndani ya tairi, kinachopima upepo na kulijulisha gari kwa redio) kabla fundi hajapandisha tairi. Ubavuni ina namba ya utambulisho, na mara nyingi masafa yake ya redio: 315 au 433 MHz. Gari husikiliza namba linazozijua tu, na tairi likishapanda huioni tena mpaka libanduliwe. Ukiwa na picha, fundi mwenye kifaa cha sensa ataingiza namba mpya kwenye gari, au atanakili zile za zamani kwenye sensa zinazokubali kuprogramiwa. Hata kama betri ya sensa ya zamani imekufa, namba iliyoandikwa inatosha. Masafa yaangalie sana kwa pikapu iliyotoka Marekani: nyingi hutumia 315, sensa za Ulaya ni 433, na gari la 315 halisikii sensa inayotuma kwa 433. (Na fundi asianzie kubandua tairi kwenye valvu. Chuma kikigusa sensa, kwisha habari.) Mbinu hii haisaidii kwenye gari linalokadiria upepo kwa mizunguko ya magurudumu kupitia ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga). Ndani ya tairi hamna kitu. Jaza upepo, kisha uweke upya kipimo kwenye dashibodi.