Kusaka hukumu kwenye simu bila kulipa: ninavyofanya mimi msaidizi wa kisheria

Swali linaloletwa sana kwenye meza yetu hapa Korogwe ni la nyumba. Ndoa imevunjika, hati ina jina la mume, na mke ameshaambiwa na shemeji, na mwenyekiti wa mtaa, na jamaa fulani aliyewahi kuwa mzee wa baraza, kwamba aliyekuwa akipika na kulea hana chake. Jibu lipo, tena bure. Nitakuonyesha ninavyolisaka kwa mfano huo huo wa nyumba; ukishaujua mwendo, utautumia kwa shamba au kwa mshahara.

Fungua tanzlii.org. Ndiko Mahakama ya Tanzania inakochapisha hukumu na sheria, na kusoma hakuna ada. Pembeni yake kuna AfricanLII, taasisi isiyotafuta faida iliyoanzia Cape Town, inayozisaidia nchi za Afrika kuweka sheria zao wazi. Waganda nao wana ULII kwa mtindo huo huo. Zamani ilikubidi umjue wakili mwenye kabati la vitabu, umuombe, na siku hiyo awe na moyo.

Anza na sheria yenyewe kabla ya hukumu. Wengi huruka hapa. Kwa mfano wetu ni Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, kifungu cha 114, kinachoipa mahakama uwezo wa kuamuru mgawanyo wa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja. Angalia pia unasoma toleo gani. Kuna Toleo la Marejeo la 2002, la 2019, na sasa la 2023 lililoanza kutumika Julai 2025. Hakikisha namba ya kifungu ulichonacho bado ni ile ile, la sivyo utarekebishwa mbele ya watu.

Sasa nenda kwenye kisanduku cha kutafutia. Andika kwa Kiingereza. Najua inaudhi, kwa kuwa mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini shehena kubwa ya hukumu zilizomo bado ni ya Kiingereza. Tia maneno ndani ya alama za kunukuu yasitawanyike: "matrimonial property" (mali ya ndoa), kisha ongeza "domestic" (ya nyumbani). Ukiandika "divorce" peke yake utazama.

Matokeo yakija, chuja kwa mahakama. TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Anza na Rufani, maana ikisema yake mahakama zote za chini zinafuata. Hukumu ya Mahakama Kuu inasaidia, ila mwenzako naye anaweza kuja na nyingine ya Mahakama Kuu inayosema kinyume.

Utaona jina moja linajirudia karibu kila ukurasa: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya 1983, iliyochapishwa kwenye TLR (Tanzania Law Reports, vitabu vya hukumu) ya mwaka huo ukurasa wa 32. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Hapo ndipo watu hufunga simu na kwenda kutangaza ushindi. Usifunge. Teremka hadi aya za mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba ile, kwa sababu Mahakama iliona mume alikwisha kumpa fedha za kuanzishia mradi wa familia naye akazitumia vibaya, hivyo fungu lake alikuwa ameshalila. Kanuni ilibaki, yeye akatoka mikono mitupu. Wakili wa upande wa pili anaijua aya hiyo kwa moyo, kwa hiyo nawe ijue.

Kisha tafuta jina hilo la kesi ndani ya alama za kunukuu, panga matokeo kuanzia mapya, usome hukumu za Rufani za miaka hii zinaitumiaje. Utakuta majaji wanasisitiza ushahidi: mchango wa kila mmoja ulikuwa nini na kwa kiasi gani. Hapo ndipo ninapomgeukia mama na kumuuliza kuhusu risiti za bati, vikoba, na jirani aliyemwona akibebea mafundi maji.

Unaponakili, andika majina ya wadaawa, namba ya rufani, na ile nukuu yenye mwaka kwenye mabano mraba ikifuatiwa na TZCA na namba yake. Pakua PDF mtandao ukiwa mzuri. Picha ya kioo cha simu haimsaidii hakimu.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua wasaidizi, lakini haituruhusu kusimama mahakamani kama mawakili wala kukutoza. Msaidizi akikudai hela ya "kufungua mtandao", ondoka.

Jambo moja kwa wenye kesi za kazi: muda ni mfupi. Kulalamikia kuachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na migogoro mingine ya kazi siku 60. Jaza fomu ya CMA kwanza, hukumu utazisaka jioni.