Mzee ukitaka kutembea masafa marefu, tazama mwezi kwanza

Wenzangu mliopita sitini, mwenye nia ya kutoka Nyali hadi Shanzu kwa miguu, kando ya bahari, asipange kwa kalenda ya ukutani tu. Apange kwa maji.

Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, bahari yetu ya Mombasa hujaa alfajiri na kukupwa karibu saa nne asubuhi. Ukianza kunapopambazuka, maji yanakimbia mbele yako na kuacha mchanga mbichi, mgumu, usiozamisha kisigino. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: asubuhi maji yanapanda, nawe unasukumwa juu kwenye mchanga mkavu. Huko goti la mzee hulipa deni lote la ujana. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, basi ukiahirisha safari, hesabu upya.

Jambo jingine: ufuo umeinama. Ukienda upande mmoja tu, nyonga moja hubeba zaidi. Katika mazoezi, nenda na urudi njia ileile, na uongeze masafa kidogo kidogo kila wiki. Siku yenyewe ukifika Shanzu, panda matatu urudi, hakuna aibu.

Wanaomeza vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, wamuulize daktari kabla ya kutembea juani. Viatu msivue, kuna miamba yenye makali. Na dafu linywewe njiani, lisingojwe mwisho.