Picha uliyoiposti bado ni yako

Nilipokuwa likizo Tanga nilimpiga picha shangazi akigeuza vitumbua, nikaiposti Instagram. Miezi michache baadaye rafiki akanitumia tangazo la mkahawa mmoja wa huku Marekani. Bangili ya shangazi, kijiti chake, hata kikaango kilichomeguka ukingo: vyote vilitoka kwenye picha yangu. Nilipowauliza wakanijibu, "Si uliiweka hadharani?"

Wamekosea. Hakimiliki huanza pale unapobonyeza kitufe. Ukiposti, unaipa Instagram leseni ya kuionyesha na kuisambaza picha. Mpita njia hujampa chochote. Mpiga picha Daniel Morel wa Haiti aliposti Twitter picha za tetemeko la 2010, shirika la habari la AFP na kampuni ya picha ya Getty Images wakazisambaza kwa wateja wao bila idhini yake. Mwaka 2013 juri mjini New York likaamua alipwe dola milioni 1.2.

Kwa hiyo tunza faili halisi. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za lini na wapi ilipigwa. Ukiona umeibiwa, usianze kugombana: piga skrinishoti kwanza, anwani ya ukurasa na tarehe vionekane, maana wakishtuka wataifuta. Kisha jaza fomu ya hakimiliki ya mtandao husika. Mimi nilifanya hivyo, ikaondolewa.

Fidia ni habari nyingine. Marekani, sajili kazi zako U.S. Copyright Office, ofisi ya serikali ya hakimiliki, mapema, kabla hazijaibiwa. Hapo unaweza kudai fidia ya kisheria, kwa kawaida dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, bila kuthibitisha ulipata hasara gani. Uingereza hakuna usajili, na madai yasiyozidi pauni 10,000 yana njia yake nafuu mahakamani.

Sasa tujitazame na sisi. Mpiga picha wa harusi mliyemlipa kwa kawaida ndiye mwenye hakimiliki, msipoandikiana vinginevyo. Malizaneni kabla ya kutoa malipo ya awali. Ujerumani, tangu sheria ya 1907, hata anayeonekana pichani ana haki ya kuulizwa kabla hujaisambaza. Nami shangazi sikumuuliza. Nilimpigia simu kumwomba radhi, na sasa naomba ruhusa kwanza.

Na kamati za sherehe, acheni kuokota picha Google. Ingieni Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zinazoruhusiwa kutumika, msome leseni iliyo chini ya picha, mwandike jina la mpigaji pale bangoni. Mahali pengine mkikutana na herufi NC kwenye leseni, maana yake si ya biashara: msiiweke kwenye bango la hafla yenye kiingilio.