Mbwa Amepofuka? Bakuli Lake Liache Pale Pale

Wiki iliyopita, Bweyale, mji wa wilaya ya Kiryandongo, Uganda, nilimkuta mbwa mzee aliyelinda mahindi dhidi ya nyani na tumbili kwa miaka mingi. Alikuwa amesimama chini ya mwembe, analamba udongo mkavu. Bakuli lake la maji lilikaa hapo siku zote. Mwenye mbwa alipogundua kwamba macho yamekwisha, akalipeleka barazani kwa huruma, "asihangaike kutembea". Maji yalikuwa hatua kumi na tano tu kutoka alipo, na mbwa hajui.

Huruma ya namna hiyo ndiyo inayonifanya niandike, maana hapa Kiryandongo naikuta kila msimu. Macho ya uzee hayaondoki siku moja. Yanapofifia polepole, mbwa anaishika nyumba kwa pua, masikio na nyayo: hapa kokoto, pale harufu ya banda la mbuzi, mbele kidogo ukuta wenye joto la jua. Ukimhamishia kibanda, bakuli au lango, umempofusha mara ya pili. Na wewe unayemfunga mnyororo "asijigonge", unamharibu zaidi. Mbwa asiyeona, asiyeweza kukimbia, akiguswa ghafla atauma, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto wa nyumbani.

Kabla ya yote, hakikisha kweli haoni. Msinipigie tena simu kusema bado anaona kwa sababu ulimpungia mkono akapepesa. Alihisi upepo wa mkono wako. Chukua kipande cha pamba, kishike sentimita 30 mbele ya uso wake, kiachie kidondoke kimya. Anayeona hukifuata kwa macho. Rudia mara tatu mchana, kisha jioni mwanga ukipungua, kwani wengine huanza kushindwa gizani. Ukungu wa kibuluu kwenye mboni, unaoanza kwenye miaka 7 au 8, peke yake si upofu. Lenzi imekuwa ngumu tu. Mtoto wa jicho huwa mweupe.

Ukishajua haoni, usihamishe kitu. Chini ya bakuli tandika gunia linalozidi bakuli sentimita 30 kila upande, nyayo zimwambie amefika. Kuzunguka jiko, shimo la takataka na mti wenye miiba mwaga kokoto, upana wa futi 3. Futi 3, si kiganja kimoja kama nilivyoona kwa jirani yenu! Mbwa anahitaji nafasi ya kuhisi mabadiliko na kusimama kabla pua haijafika kwenye moto. Miiba na ncha za seng'enge zilizo usawa wa kichwa chake zikate zote.

Wakati wa mavuno ndipo mnapovuruga kila kitu. Turubai la mahindi linatandazwa njiani, magunia yanapangwa mlangoni, bodaboda inaegeshwa popote. Acheni njia ya mita moja, ile ile kila siku, kutoka kibandani hadi kwenye maji. Jembe lisilazwe hapo. Mkilazimika kabisa kuhamisha kibanda, mtembezeni kwa kamba asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kila mara mkianzia kwenye bakuli, kwa sababu hapo ndipo anapojipangia njia nyingine zote.

Watoto wafundishwe hivi: simama hatua tatu mbali, ita jina lake, subiri ageuze masikio, mpe mkono anuse, ndipo umguse. Asiguswe akiwa amelala. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka hata kama amezeeka. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Haya yote ni ya mbwa aliyepofuka taratibu. Aliyepofuka kwa siku moja au mbili, au mwenye jicho jekundu, lililovimba au linalotoka machozi, apelekwe kwa daktari wa mifugo leo, kwani presha ya jicho haisubiri siku ya mnada. Na anayejigonga huku akidondosha mate na kushindwa kumeza huenda ana kichaa cha mbwa, msimshike kabisa; watoto waingie ndani, mpigieni afisa mifugo.

Akifika kwenye maji bila kugusa ukuta, ameshazoea. Turubai likunjwe kila jioni.