Kabla ya kushindanisha ampu mbili (vikuza sauti), sawazisha volti
Jumamosi hapa Kondele, Kisumu, tulibishania ampu mbili ipi ni bora, hadi nikagundua moja sauti yake ilikuwa juu kidogo tu. Sikio hudanganyika hapo: tofauti hata ya chini ya desibeli 1 (kipimo cha ukubwa wa sauti) husikika kama ubora. Basi cheza mlio wa hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), pima volti za AC kwenye nyaya za spika kwa multimita (kipima umeme), rekebisha sauti ya ampu hadi zipishane kwa asilimia 1 tu (2.00 na 2.02 hivi). Usitumie hezi 1,000, multimita nyingi za bei nafuu hukosea huko juu. Kisha mwenzako arushe sarafu na kubadilisha nyaya usipomwona. Azime na kuchomoa kila raundi, hata ampu ikibaki ileile, la sivyo utaijua kwa kishindo cha swichi. Na akae nyuma yako, maana uso husema. Rudia mara 10, kila mara ukitaja ni ampu ipi inayocheza. Kupata 9 au zaidi kwa kubahatisha ni kama mara 1 kwa 100. Kupata 6 au 7 si kitu. Kwa spika mbili tofauti njia hii haifai: volti sawa si sauti sawa, na ukisogeza spika karibu na ukuta besi hubadilika.